Je, wajua kwa nini vigunduzi vya nyutroni havibananishwi hata chumba kikiwa kidogo?

Mpe mtu chumba cha mita 4 kwa 4, saizi ya kawaida ya maabara ndogo ya chuo hapa Nairobi, umwambie apange humo vigunduzi 8 vya nyutroni. Wazo la kwanza litakalomjia ni kuvileta vyote karibu na chanzo cha nyutroni na kuvipanga bega kwa bega, visikose kitu. Kwa nyutroni, mpango huo utamharibia jaribio zima.

Nyutroni, chembe ya ndani ya kiini cha atomu ambayo mwanafizikia James Chadwick aliigundua Cambridge mwaka 1932, haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya vitu bila kuacha dalili mpaka igonge kiini cha atomu. Watoto wanaocheza bano mitaani wanaijua sehemu inayofuata: gololi ikigonga nyingine ya uzito uleule katikati kabisa, ya kwanza husimama na ya pili huchomoka; ikigonga jiwe la ujenzi, hurudi ilikotoka. Protoni, yaani kiini cha hidrojeni, ina uzito karibu sawa na wa nyutroni. Ndiyo maana vigunduzi vingi vya nyutroni zenye kasi hutengenezwa kwa plastiki au kimiminika chenye hidrojeni tele, ambamo protoni ikichomolewa hutoa mmweko wa mwanga.

Lakini mmweko huo hautoshi kukuambia nyutroni ilikuja na nishati kiasi gani, kwa kuwa huenda iligonga katikati au iliparuza tu. Kwa hiyo hupimwa muda wa safari. Tuseme chanzo ni kaliforni-252, elementi yenye mionzi ambayo viini vyake hupasuka vyenyewe na kila mpasuko hutoa wastani wa karibu nyutroni 4. Saa huanza kiini kinapopasuka, na husimama kigunduzi kinapomweka. Nyutroni ya MeV 2 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe) huenda mita 1 kwa nanosekunde 51 hivi, nanosekunde ikiwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ya MeV 2.2, kwa 49 hivi. Tofauti yao haifiki nanosekunde 3. Sasa kitazame kigunduzi chenyewe. Kikiwa na unene wa sentimita 5, nyutroni hizo hukivuka kwa takriban nanosekunde 2.6, nasi hatujui ziligonga upande wa mbele au wa nyuma. Ukiwa umbali wa mita 1, basi, huwezi kuzitenganisha vizuri. Sogea hadi mita 2, na tofauti inakuwa nanosekunde 5 ilhali unene ni uleule.

Kusogea nako kuna bei yake. Kigunduzi chenye kipenyo cha sentimita 12.5 kikiwa mita 1 kutoka kwenye chanzo hupitiwa na nyutroni 1 hivi katika kila 1,000. Kikiwa mita 2, na 1 katika kila 4,000. Ukitafuta nyutroni mbili zilizotoka katika mpasuko mmoja, hasara hiyo hujizidisha yenyewe, na jaribio la wiki 1 linageuka la wiki 16.

Kuna tatizo jingine, na hili ndilo gumu kuliko yote. Nyutroni ikigonga kigunduzi cha kwanza haiishii hapo. Mara nyingi hubakiwa na sehemu ya nishati yake, ikaruka pembeni na kumwekesha jirani. Nyutroni ni moja, wewe umehesabu mbili. Katika mpasuko wa kaliforni, nyutroni nyingi hufuata mwelekeo wa vipande viwili vya kiini, hivyo jozi za kweli nazo huonekana sana kwenye pembe ndogo, palepale jozi za uongo zinapojaa. Kuweka risasi, yaani ile metali nzito, katikati hakusaidii sana. Risasi huzuia mionzi ya gama, ila nyutroni hugonga viini vyake vizito na kuendelea na safari zikiwa na karibu nishati yote. Dawa ni nafasi kati ya vigunduzi, pamoja na hesabu: ikiwa mmweko wa pili umechelewa kwa muda uleule ambao nyutroni ingehitaji kutoka kigunduzi cha kwanza hadi cha pili, jozi hiyo hutupwa.

Na katika chumba chetu, mita 2 kutoka katikati ni ukutani. Zege lina maji ndani yake, maji yana hidrojeni, na nyutroni zinazogonga ukuta au sakafu hurudi zikiwa zimechelewa. Saa inazisoma kama nyutroni za polepole ambazo chanzo hakikuzitoa. Kule Los Alamos, Marekani, wajenzi wa Chi-Nu, mtambo wa kupimia nyutroni, walichimba shimo chini ya vigunduzi vyao 54 ili nyutroni zinazoshuka zipotelee huko. Meza ya mbao nayo ni adui, maana mbao imejaa hidrojeni. Fremu nyembamba ya alumini ni salama zaidi.

Mimi ningeweka chanzo katikati ya chumba, katikati pia ya urefu wa kwenda juu, vigunduzi 6 vikae mita 1 kwa nafasi pana, na 2 visogezwe hadi mita 1.5 kwa ajili ya kupima nishati kwa usahihi. Kabla ya kufunga hata skrubu moja ningeujaribu mpango huo kwa Geant4, programu ya bure inayoiga safari ya kila nyutroni na inayoweza kuendeshwa kwenye laputopu. Kuta, sakafu na dari lazima ziingizwe humo. Ukizisahau, kompyuta itakupa matokeo mazuri ya chumba kisichokuwepo.

Halafu, kigunduzi kimoja baada ya kingine, ningesimamisha kati yake na chanzo kipande kirefu cha chuma kilichofuatwa na polithini nene. Nyutroni za moja kwa moja huzuiwa hapo. Zile ambazo kigunduzi kinaendelea kuzihesabu zimetoka kwenye kuta, pamoja na chache kutoka angani, ambazo Nairobi, kwa mwinuko wake wa takriban mita 1,700, huzipokea zaidi ya mara mbili ya Mombasa. Hesabu hiyo ndiyo inayotolewa kwenye jumla.