Aliyeachwa Machi si mbovu: dhana potofu kuhusu vikosi vya besiboli

Machi inapoelekea ukingoni, timu 30 za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, hufunga kambi zao za Florida na Arizona na kutangaza wachezaji 26 wa kuanzia msimu. Hapo ndipo maneno huanza. Sisi tuliokulia kwenye soka huisoma orodha hiyo kama tunavyosoma kikosi cha Simba au Yanga: aliyemo ni moto, aliyeachwa kachuja. Kumbe majina mengi mle huamuliwa na mikataba kabla mtu hajashika gongo.

Dhana: Anayewaka kambini lazima apate namba.

Muulize Kris Bryant. Mwaka 2015, akiwa na miaka 23, aliichezea Chicago Cubs mechi za kambi kwa wastani wa .425, yaani zaidi ya mara 4 katika kila 10 aliupiga mpira na kufika kituoni salama. Mipira 9 aliitandika ikavuka uzio wa uwanja. Siku ya ufunguzi jina lake halikuwemo. Alipelekwa Iowa, kwenye ligi ndogo ambako klabu hulea wachezaji wake, na maelezo ya wakubwa yakawa kwamba bado anahitaji kunolewa kwenye ulinzi.

Waliojua hesabu hawakudanganyika. Kwa makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji, siku 172 kwenye kikosi kikuu huhesabiwa mwaka mmoja wa utumishi, na mchezaji akitimiza miaka 6 mkataba wake ukiisha anakuwa huru kwenda atakako. Bryant aliitwa Aprili 17. Mechi yake ya kwanza ilikuwa chungu, kwani alikwenda kupiga mara 4 asipate kitu, na mara 3 kati ya hizo alitolewa bila kuupeleka mpira uwanjani. Baada ya hapo hakushikika: akawa mchezaji bora chipukizi mwaka huohuo, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi yake (ndani ya MLB kuna ligi mbili) huku Cubs wakitwaa ubingwa walioukosa tangu 1908. Lakini daftari la utumishi la 2015 lilimwandikia siku 171. Siku moja pungufu! Siku hiyo iliwapa Cubs mwaka mzima wa ziada wa kummiliki. Malalamiko yake yalifika kwa msuluhishi, na mwanzoni mwa 2020 akashindwa. Kwa kanuni, timu haikuvunja kitu. Kwa uungwana, mimi nina maneno mengine.

Tangu 2022 mlango huo umebanwa kidogo. Chipukizi anayeshika nafasi ya 1 au ya 2 kwenye kura za chipukizi bora wa ligi yake anaweza kupewa mwaka kamili hata kama alichelewa kupanda. Adley Rutschman wa Baltimore Orioles, aliyeanza mwaka huo na jeraha, alipanda Mei 21, akamaliza wa pili, akapata mwaka wake.

Tena takwimu zenyewe za kambi ni za kupokea kwa tahadhari. Mrushaji mkongwe anaweza kutumia mchezo mzima kujaribu mrusho mmoja mpya, apigwe asipigwe, na nyota wakishakwenda kuoga, mechi humaliziwa na vijana wenye namba za tisini mgongoni.

Dhana: Kocha ndiye anayechagua.

Anasikilizwa, ndiyo. Kalamu ya mwisho iko kwa mkuu wa masuala ya besiboli wa klabu, yule anayeshika mikataba na bajeti.

Dhana: Kurudishwa ligi ndogo ni kutemwa.

Timu ina orodha mbili: ile ya 26 na nyingine pana ya 40. Mchezaji wa orodha ya 40 kwa kawaida ana misimu 3 ambayo klabu inaweza kumshusha na kumpandisha bila kumwomba ruhusa, ingawa sasa haipaswi kumshusha zaidi ya mara 5 kwa msimu mmoja. Misimu hiyo ikiisha, klabu ikitaka kumshusha, timu nyingine 29 hupewa kwanza nafasi ya kumchukua. Basi ukiona warushaji wawili wanaolingana na mmoja kabaki, chungulia karatasi zake kwanza: huenda ndiye asiyeweza kushushwa bila kupotea.

Si kwamba haiumi. Kima cha chini cha mshahara wa MLB mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, na hulipwa kwa siku ulizokuwa juu. Ila Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akasota ligi ndogo miaka yote hiyo, na mwaka 2017 pia msimu ulianza yeye akiwa huko. Aprili 26 akaitwa. Akawa Mwafrika wa kwanza kucheza MLB, na zamu yake ya kwanza ya kupiga akaupiga safi mpira wa mrushaji Jon Lester na kufika kituoni.

Dhana: Kila aliye kwenye 26 ni bora kuliko aliyeachwa.

Kila Desemba timu huweza kumchukua kijana wa klabu nyingine aliyeachwa nje ya orodha ya 40, kwa sharti kwamba akae kikosi kikuu msimu mzima, la sivyo klabu yake ya awali ipewe nafasi ya kumrudisha. Johan Santana, aliyekuwa wa Houston Astros, alifika Minnesota Twins kwa njia hiyo. Mwaka 2000 aliruhusu wastani wa mikimbio 6.49 kwa kila vipindi 9, na wapo waliokuwa bora kuliko yeye waliobaki chini. Twins walivumilia. Mwaka 2004 na 2006 akatwaa Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi.

Dhana: Hao 26 ndio timu ya mwaka.

Ni timu ya wiki ya kwanza. Majeraha yakianza, simu za ligi ndogo huita kila siku; Seattle Mariners mwaka 2019 walitumia wachezaji 67.