Rupia ya Mjerumani ilinunua nini? Hela, nafaka na ngoma Ugogo wakati wa vita ya kwanza

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia picha wasap, kiganja kimekunjuliwa, katikati kuna kisarafu cheusi kimechakaa, na chini swali fupi, "mtaalam hii inaenda bei gani?" Wanatoka Mpwapwa, Bahi, Manyoni, Kondoa, na wa Chamwino ndo wengi zaidi. Mimi ni mtu wa makumbusho hapa Dodoma, nchi ya Wagogo, yaani Ugogo, sio dalali, kwa hiyo hilo swali huwa nalijibu chap ili tuhamie kwenye swali lenye utamu, kwamba ile hela enzi zake ilikuwa inanunua nini na kwanini ilifika mahali ikashindwa kununua hata kibaba cha mtama.

La haraka kwanza. Hakuna rupia ya ajabu inayovuta mchele kama sumaku. Ukioneshwa video ya sarafu inasogelewa na punje za mchele ujue kuna mtu anatafutwa apigwe, na akishapigwa haendi polisi kwa aibu, ndo maana huo mchezo hauishi. Nyingi mnazookota ni heller 5 na heller 20, heller ndo ilikuwa senti ya rupia, zilitengenezwa kwa wingi na wakusanyaji wanazo tele. Msizisugue kwa limau na majivu jamani, mnafuta maandishi ambayo ndo yanaifanya iwe na maana. Na kabla hujampa mtu akavuke nayo mpaka, kumbuka kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nenda kaulize kwanza.

Sasa ichukue ile ya heller 20 uitazame kwa karibu. Upande mmoja kuna taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Geuza, utaona 20 HELLER kati ya vitawi viwili, na herufi moja ndogo, T. Hiyo T ni Tabora. Zamani sarafu zote zilikuwa zinakuja kwa meli kutoka Ujerumani, lakini vita ilipoanza 1914 na Mwingereza akaifunga bahari yetu kwa manowari mwanzoni mwa 1915, hela ikawa haiji tena, na serikali bila hela haiwezi kumlipa askari wala kununua ng'ombe. Basi wakaanza kupiga sarafu wenyewe ndani ya karakana ya reli, shaba wakitoa kwenye maganda ya risasi na mizinga pamoja na vyuma chakavu vya kila aina. Ndo maana zina rangi tofauti tofauti na nyingine zimepinda kidogo, sio feki hizo, zilizaliwa hivo hivo.

Ya dhahabu nayo ipo, rupia 15, ina tembo amenyanyua mkonga na mlima kwa nyuma. Dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, huko Iramba mkoa wa Singida, kwa hiyo wanaosema hela ya Mjerumani ilitoka Ulaya yote sio kweli, hii ni ya nyumbani kabisa. Zilipigwa elfu 16 na kidogo tu, uzito gramu 7 hivi, robo tatu yake dhahabu. Kama unayo hiyo acha kutuma picha kwenye magrupu.

Lakini hela kubwa ya vita ilikuwa karatasi. Kuanzia 1915 zilichapishwa noti hapa hapa nchini, karatasi yoyote iliyopatikana, nyepesi nzito, mradi ishike wino. Kabla ya vita mtu alikuwa amezoea rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari kavaa kofia ya chuma, unaigonga kwenye jiwe inalia unaridhika, na rupia moja ilikuwa heller 100. Leo unampa karatasi unamwambia ni sawa na ile? Watu walifanya kile ambacho na sisi tungefanya, karatasi wakaitumia haraka haraka, ile rupia ya fedha wakaifukia. Ndo hiyo mnaikuta kwenye vyungu mkichimba msingi wa nyumba, haikufukiwa na Mjerumani wala haina jini, ilifukiwa na mzee wa Kigogo au mwenye duka aliyejua fika kwamba karatasi inategemea mwenye nayo ashinde vita. Hakushinda. Na karatasi ikabaki karatasi.

Upande wa nguo hali ilikuwa mbaya mapema kuliko chakula. Merikani na kaniki zilikuwa bidhaa za meli, meli ikikosekana duka linakuwa mbao tupu. Wamisheni na walowezi wakaanza kusuka pamba wenyewe na kuitia rangi kwa magome ya miti, na wengine vijijini wakarudi kwenye ngozi ambazo wazee wao walishaanza kuziacha. Sabuni na mishumaa vilitengenezwa kienyeji, kwinini ikatengenezwa Amani kule Usambara kutokana na magome ya mti wa mkwinini, chungu balaa lakini ilifanya kazi. Chumvi angalau reli ilisaidia, kulikuwa na kiwanda Uvinza, na hapa kwetu watu wa mbuga za Bahi chumvi yao ya udongo walikuwa wanaijua tangu zamani.

Tuje kwenye chakula, na hapa naomba mnivumilie maana ndo penyewe.

Ugogo mvua ni moja, Desemba mpaka Aprili, na yenyewe ina maringo. Mgogo wa 1914 alikuwa na akiba mbili. Ya kwanza ipo kwenye vilindo, vyombo vikubwa vya kuhifadhia nafaka, ndani ya tembe, nyumba ya Kigogo ya paa bapa la udongo, uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame na zinazokaa. Ya pili inatembea kwa miguu minne. Mvua ikigoma mwaka mmoja unakula kilindo, ikigoma wa pili unaswaga ng'ombe unaenda kwa majirani waliopata, Warangi, Wakaguru, Wahehe, unabadilisha mnyama kwa nafaka. Kwa hiyo bei ya kweli ya Ugogo haikuwa rupia, ilikuwa ng'ombe mmoja kwa mizigo kadhaa ya mtama. Rupia ilihitajika zaidi kwa kodi ya kibanda, rupia 3 kwa mwaka, na nguo.

Vita ikaja kula akiba zote mbili kwa pamoja, na vijana juu yake.

Fikiria jeshi linatembea kwa miguu kwenye nchi yenye ndorobo (mbung'o), farasi na maksai wanakufa njiani, kwa hiyo kila kitu kinabebwa kichwani. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi. Anakula karibu kilo moja kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, akitembea siku 25 mzigo wote ameula yeye na askari mbele hajapata hata punje. Sasa jeshi litakulaje? Litakula kijiji kinachofuata. Mjerumani alikula akiwa anajipanga na alipokuwa anarudi nyuma, akichukua ng'ombe na nafaka Ugogo, mara nyingine analipa kwa zile karatasi, mara nyingine kwa risiti, mara nyingine kwa kiboko. Mwingereza naye na makaburu wake wa Afrika Kusini wakashuka kutoka Kondoa Irangi, Dodoma ikachukuliwa tarehe 29 Julai 1916, na hao nao walikuja na njaa yao. Reli ambayo ingeleta chakula madaraja yake Mjerumani alikuwa ameyalipua wakati anakimbia. Yaani ndani ya miaka miwili ghala moja limepigiwa hodi na majeshi mawili.

Na vijana wakachukuliwa upagazi na pande zote mbili. Mwingereza alikuwa anamlipa mpagazi wa kawaida rupia 5 kwa mwezi, baadaye 6, ukilinganisha na kodi ya rupia 3 unaweza kusema sio haba, ila wengi hiyo hela hawakuiona. Waliokufa upande wa Mwingereza peke yake, kwa Afrika Mashariki nzima, makadirio yanakaribia laki moja, na risasi ndo iliyoua wachache. Tumbo ndo lililoua, kuhara, homa ya mapafu, malaria. Walipewa unga wa mahindi hawajauzoea, jioni wamechoka kuni mbichi na mvua juu, ugali unaliwa haujaiva. Mtu aliyelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda unampa uji mbichi wa mahindi wiki tatu, tumbo linagoma.

Sasa shamba limebaki na mama, watoto na wazee. Eneo linalolimwa likapungua, na wakati huo huo mvua za 1918 kwenda 1919 zikagoma, na mafua makali ya dunia nzima yakapita humo humo. Hiyo ndo njaa wazee wanaiita Mtunya, ilianza kidogo kidogo vita ikiwa bado inaendelea na ikaenda mpaka kama 1920. Watafiti wa historia wanakadiria walikufa watu 30,000 kati ya kama 150,000 waliokuwa eneo hili, mmoja kwa kila watano. Kila nikiandika hiyo namba huwa nasimama kidogo, maana vita vyenyewe vilipita Dodoma siku chache tu na karibu hakuna risasi iliyolia mjini.

Kilichotokea kwenye bei ndo hiki. Kila mwenye ng'ombe aliyebaki alitaka nafaka siku hiyo hiyo, na majirani nao hawana kwa sababu majeshi yalipita na kwao, kwa hiyo ng'ombe akashuka thamani na mtama ukapanda, mnyama aliyekuwa analisha familia miezi mingi sasa analisha siku za kuhesabu. Watu wakala mizizi, mbegu za porini, ngozi za kuchemsha. Simulizi zinasema wapo waliowaweka watoto rehani kwa familia zenye chakula, wengine waliwakomboa mvua ziliporudi, wengine hawakuwakomboa kabisa, na zipo koo leo zinajua kwamba bibi yao aliingia ukoo kwa njia hiyo ila hawalisemi hadharani. Serikali mpya ilileta nafaka kwa reli, ndiyo, lakini chakula kikiwa stesheni ya Dodoma na wewe uko mbali porini huna nguvu ya kutembea, kinakusaidia nini. Wengi wakahamia pembeni ya reli na kwenye mashamba ya mkonge, wakawa vibarua.

Na katikati ya hayo yote, watu walicheza. Hili huwa linawashangaza wanafunzi nikiwaambia lakini ndo ukweli wa binadamu. Ngoma iliyotamba wakati wa vita na baada ya hapo ni beni, ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaletwa bara na askari na wapagazi wa pande zote mbili, ikafuata reli mji kwa mji. Matarumbeta ya kienyeji, ngoma kubwa, watu wamejipanga kama gwaride, sare nyeupe, kofia, fimbo mkononi, na vyeo kabisa, kuna jenerali, kuna hakimu, kuna mpaka Kaisari na King. Makundi makubwa yalikuwa mawili, Marini na Arinoti, Marini wanajiona wa hadhi, Arinoti watu wa kawaida, na ushindani wao bwana Simba na Yanga wanasubiri. Waingereza waliingiwa na wasiwasi wakidhani ni siasa, wakawa wanawapeleleza. Kwa macho yangu siasa ilikuwepo kidogo, ila kikubwa kilikuwa mfuko. Ukiwa mwanachama unachanga, ukifa ugenini unazikwa kwa heshima, ukiumwa unaletewa chakula. Kwa mtu aliyeona karatasi ya serikali inageuka takataka na ng'ombe anaisha, kikundi cha ngoma kilikuwa ndo benki iliyobaki.

Rupia yenyewe haikukaa sana. Mwaka 1920 ikaja florini, halafu kuanzia 1922 shilingi ya Afrika Mashariki, na kila mara hela inapobadilishwa mtu wa kijijini ndo anapata habari mwishoni.

Sisi tunakusanya simulizi za kipindi hiki, kwa hiyo kama una bibi au babu aliyesikia habari za Mtunya kwa wazazi wake, washa simu urekodi, taja jina la kijiji na ukoo mwanzoni kabisa, muache aongee Kigogo chake asihangaike na Kiswahili. Usimuulize vita ilikuwaje, atakupa mawili matatu ya jumla. Muulize ng'ombe mmoja alipeleka wapi, akarudi na mtama kiasi gani, na njiani walikula nini.