Kituo cha wazee kijengwe wapi? Tupime kwa mwendo wao

Kwenye mipango ya vituo vya wazee swali linaloanza mara nyingi ni kiwanja cha wazi kipo wapi, basi kituo kinapelekwa huko pembeni halafu watu wanashangaa mbona hakuna anayekuja. Swali la kwanza liwe wazee wenyewe wanaishi wapi na watafikaje.

Wengi wetu tunachora duara la mita 400 kukizunguka kituo kwenye ramani, aliye ndani tunamhesabu amefikiwa. Sasa duara halioni ukuta, mtaro wala barabara kubwa, unakuta mzee yuko mita 200 tu ukinyoosha mstari lakini kwa njia inayopitika anazunguka mita 600 maana kivuko kiko mbali. Pimeni kwa njia jamani, programu za ramani zinaweza.

Halafu kuna mwendo wenyewe. Taa za kuvukia sehemu nyingi zimepigiwa hesabu ya mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, na wazee wengi wanaenda kama 0.8, kwa hiyo barabara ya mita 12 wewe unaimaliza kwa sekunde 10 ila yeye anahitaji 15, taa inabadilika akiwa bado katikati ya magari. Akishtuka hivyo mara moja anaweza asirudi tena, na kwenye ripoti bado tumemwandika amefikiwa. Hili linaniuma sana.

Hesabu za kuchagua eneo zipo tangu zamani. Ya mtafiti Hakimi ya mwaka 1964 inapunguza jumla ya umbali wa watu wote hadi kituoni, ya watafiti Church na ReVelle ya 1974 inatafuta kufikia watu wengi zaidi. Zote nzuri, ila zinavutia kituo kwenye watu wengi, anayeishi peke yake kule mwisho anasahaulika, hivyo lazima tuangalie pia aliye mbali kuliko wote yuko umbali gani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 kuhusu miji rafiki kwa wazee ulitokana na kuwasikiliza wazee kwenye miji 33, na mabenchi na vyoo vya umma vilitajwa sana. Kwa hiyo kabla ya kupitisha eneo tembeeni na wazee kutoka mlangoni kwao, wekeni alama kila wanaposimama kupumzika, pale ndipo benchi linatakiwa. Na kama hela inatosha jengo moja kubwa tu, mimi ningechukua kumbi mbili ndogo zilizopo tayari karibu na zahanati au kituo cha basi.