New York haijafa jamani, ni asilimia tu zinawachanganya

Stori ya miaka nenda rudi ni kwamba New York inakimbiwa, wote wanahamia Texas. Kuhama wanahama kweli, ila watoto nao wanazaliwa, halafu wageni toka nje ya nchi wamekuwa wakimiminika. Cheki sensa za Marekani, 2010 mpaka 2020 Austin, jiji la Texas, na vitongoji vyake idadi ya watu iliongezeka kwa asilimia 33, New York na vyake 6.6 tu, na hapo ndo wengi wanaishia kusoma, sasa piga hesabu ya vichwa: Austin iliongeza kama laki 5 na elfu 67, New York zaidi ya milioni 1.2! Austin ilianza na milioni 1.7, lazima asilimia ipae. Anayestahili sifa pande zote mbili ni Dallas, nayo ya Texas, asilimia 20 na watu karibu milioni 1.3.