Je wajua kwa nini pini za magurudumu ya treni ya mvuke kushoto na kulia hazikai sawa?

Kwenye treni ya mvuke ya silinda mbili, moja kila upande, pini ya gurudumu la kushoto, yaani kile kichuma kilichochomoza kinachoshikwa na rodi, ikiwa juu kabisa, ya kulia haipo juu wala chini, ipo usawa wa ekseli, mbele au nyuma. Imewekwa hivyo makusudi, zinapishana nyuzi 90, yaani robo mzunguko, na anayeunda treni ya modeli, yaani kitreni kidogo cha mfano, asipolielewa hili kichwa chake hakitembei hata afunge mota kali vipi.

Huku kwetu Mtwara treni hatuna, ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza iliyokuwa inaenda Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 60, mradi wenyewe ulishakufa 1951, kwa hiyo kijana wa Chikongola treni ya mvuke anaijua kwa simu tu. Lakini baiskeli tunazo. Pedeli moja ikiwa juu wima na nyingine chini wima, kanyaga kwa uzito wako wote kwenda chini, haisogei, kinachokuvusha hapo ni mwendo uliokuwa nao, na mwenye gunia la korosho kwenye keria akisimama mlimani anajua hapo panavyosumbua.

Sasa treni imesimama stesheni na mabehewa nyuma, mwendo wa kuivusha haina. Pistoni ikifika mwisho wa silinda, rodi inayotoka kwenye pistoni, pini na ekseli vinakuwa mstari mmoja, mvuke unasukuma lakini hauzungushi kitu, na hiyo inatokea mara mbili kila mzunguko. Pini zingepishana nyuzi 180 kama pedeli, pande zote zingekufa nguvu kwa pamoja. Kwa nyuzi 90, upande mmoja ukifa mwenzake ndio uko kwenye nguvu kubwa. Zenye silinda 3, kama Flying Scotsman ya Uingereza ya mwaka 1923, zinapishana karibu nyuzi 120.

Kwenye modeli za umeme mvuke hakuna, mota inazungusha ekseli moja kwa gia, zingine zinavutwa na rodi zinazounganisha pini za magurudumu ya upande mmoja. Bado kupishana kunahitajika, maana rodi ya upande mmoja ikishalala mstari mmoja na ekseli, gurudumu linalovutwa linaweza kwenda mbele au kurudi nyuma, rodi ya upande wa pili ndio inaliamulia.

Na hapa ndio penyewe. Watu wanahangaika kutafuta 90 kamili kumbe muhimu zaidi ni ekseli zote zilingane. Weka zote 88, inatembea freshi kabisa. Weka moja 90 na jirani yake 85, inagoma, sababu urefu wa rodi haubadiliki ila umbali kati ya pini na pini unaongezeka na kupungua kila zikizunguka, mpaka rodi inakaba. Pini ikiwa milimita 4 kutoka katikati ya gurudumu, hizo nyuzi 5 ni kama milimita 0.35, kwa kitu kidogo vile ni nyingi sana.

Ili ekseli zote zilingane, tafuta kipande cha kioo cha dirisha, skwea, na kibao kidogo cha kuegesha pini. Simamisha ekseli na magurudumu yake juu ya kioo, pini ya kushoto iwe wima juu ya ekseli, hakikisha kwa skwea, ya kulia iangalie mbele ikilalia kile kibao. Kibao ni hichohicho kwa ekseli zote, usibadilishe, na za kulia zote ziangalie mbele. Halafu funga rodi kwa ekseli mbili tu kwanza, mota ikiwa imetolewa maana gia zake mara nyingi hazikubali kuzungushwa kutokea kwenye magurudumu, sukuma taratibu. Ikikaba simama hapohapo, angalia rodi ya upande gani imebana, geuza gurudumu kwenye ekseli kidogo sana, sukuma tena. Usikimbilie kupanua matundu ya rodi kwa tupa, ukishapanua kosa linajificha na kichwa kitatembea kwa kuchechemea. Mbili zikilainika ongeza ya tatu, mota iwe ya mwisho.