Kamera ya nyumbani: yanayosemwa Lubumbashi na ukweli wake

Wanaofuata kazi Kolwezi na wanaovuka Kasumbalesa kuchukua mali Zambia wameanza kupachika kamera ndogo juu ya mlango, kisha wanachungulia lupango, yaani uwanja wa nyumba yao, kwenye simu wakiwa njiani. Kifaa kinafaa. Maneno yanayokiuza madukani ndiyo ya kuchujwa.

"Ukiwa na kamera, zamu wa kazi gani?"

Dhana hii, kwamba mlinzi wa lupango hahitajiki tena, ndiyo inayogharimu watu zaidi. Kamera haifukuzi mwizi, inakuonyesha tu anavyobeba televisheni. Taarifa ikikuamsha saa nane za usiku ukiwa Kolwezi, utampigia nani? Kabla ya kutoa pesa, uwe na namba za zamu, za jirani mnayepakana ukuta na za ndugu anayekaa karibu. Asiye nazo ananunua sinema ya kuibiwa kwake mwenyewe. Hata kamera ya kwanza ya aina hii, ile ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1991, haikuwekwa kulinda kitu. Ilitazama mashine ya kahawa, ili watafiti wa vyumba vya mbali wasiende bure na kukuta imekwisha. Iliwaambia kahawa ipo au haipo. Kwenda kumimina, walikwenda wenyewe.

"Umeme ukikatika, kamera imekufa"

Si lazima. Kamera nyingi za ndani hutumia volti 5 tu, kama chaja ya simu, kwa hiyo pawabanki nzuri huzibeba usiku kucha. Kinachosahaulika ni modemu. Nyingi zinataka volti 12, na pawabanki ya kawaida haitoi hizo. Hapo SNEL, shirika la umeme, ikikata, kamera inabaki macho lakini picha haina njia ya kutoka. Ikiwa na kadi ya kumbukumbu, nyingi zitaendelea kurekodi, ila wewe hutaona kitu mpaka umeme urudi. Tafuta betri ndogo iliyotengenezwa kwa modemu. Halafu, siku moja kabla ya safari, zima umeme wa nyumba nzima, toka nje ya lupango, zima Wi-Fi kwenye simu yako, ufungue picha kwa mega zako. Kuna pawabanki zinazokata kwa sekunde chache pale umeme unapoondoka, kamera ikazimika na kuwaka upya. Ni afadhali ulijue hilo ukiwa bado nyumbani.

"Itakula mega zote"

Itakula ukiiacha itume picha bila kukoma. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 450, na siku nzima ni karibu gigabaiti 11. Lakini nani amekulazimisha? Iache irekodi kwenye kadi, itume taarifa pale tu kitu kinapojongea. Kwa kasi hiyohiyo, kadi ya gigabaiti 64 hubeba karibu siku sita, kisha huanza kufuta za zamani. Ubaya wa kadi ni kwamba mwizi akiing'oa kamera anaondoka na ushahidi wake. Kwa hiyo ipachike juu, na uhakikishe kila taarifa inakuja na picha kwenye simu.

"Usiku inaona kila kitu"

Ukiiweka ndani nyuma ya kioo cha dirisha, haioni nje. Taa yake ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, hurudishwa na kioo, na utabaki unatazama weupe mtupu. Na mvua za Novemba zikianza, kumbikumbi wakajaa kwenye taa ya baraza, mdudu mmoja akipita karibu na lenzi anaonekana mkubwa kama paka na simu inalia. Sogeza taa mbali na kamera, punguza wepesi wake wa kushtuka, na kwenye programu ya kamera chora eneo la geti peke yake, ndilo ilichunge.

"Nani atahangaika na kamera yangu ya Katuba?"

Hakuna anayekutafuta wewe. Zipo programu zinazobisha hodi kwenye kila kifaa kilicho kwenye intaneti. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilijaribu maneno ya siri ya kiwandani tu, ikateka kamera na rekoda kwa maelfu, na Oktoba mwaka huo zikatumiwa katika shambulio lililofanya Twitter na Netflix zisifunguke kwa wengi Marekani. Badilisha neno la siri siku ileile unapofungua boksi.

"Lupango ni langu, naielekeza ninakotaka"

Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya Kongo kinalinda faragha ya kila mtu, na jirani anayeoga uani ni mtu. Mfanyakazi wa ndani naye aambiwe kamera ilipo, na isiwekwe kabisa chumba anacholala.

Jambo moja dogo ambalo wauzaji hawalitaji ni saa. Ukichagua saa za Kinshasa kwenye programu ya kamera, kamera inabaki nyuma kwa saa moja, maana Lubumbashi iko mbele. Mwizi wa saa nane za usiku ataandikwa 01:00, na polisi watakuuliza kwa nini zamu anasema vingine. Chagua Lubumbashi, kisha linganisha na saa ya simu.