Witiri si tasa

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 yenye vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Basi. Kinachochosha ni kusikia kila namba isiyogawanyika kwa 2 ikiitwa tasa. Hiyo ni witiri.

Witiri tumelipata kwa Waarabu pamoja na mwenzake shufwa, yaani inayogawanyika kwa 2, na anayeswali witiri baada ya isha analijua bila kufundishwa hesabu: rakaa 1, au 3, au 5, idadi ambayo ukiipanga mbili mbili, moja hubaki peke yake. Tasa ni neno la uzazi, hutajwa kwa mtu au mnyama asiyezaa. Waarabu wenyewe namba hizi huziita za awali, na nadhani wamelenga vizuri zaidi yetu, maana kila namba nzima nyingine kuanzia 4 hupatikana kwa kuzidisha tasa kwa tasa. Zinazoitwa tasa ndizo wazazi! Zilichokosa ni wazazi wao wenyewe. Kwa haki zingeitwa yatima. Lakini jina limeshakaa vitabuni, tuliache.

Tazama 2147483647. Inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri. Jicho limemaliza kazi. Kama ni tasa, jicho halisemi. Inabidi uigawe kwa kila namba tasa mpaka ufike kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341. Zaidi ya hapo hakuna haja, kwani kigawo chochote kikubwa kuliko hicho kina mwenzake mdogo ambaye ungekuwa umeshamkuta. Mwaka 1772 mwanahisabati Euler alionyesha kuwa ni tasa, na kompyuta hakuwa nayo. Aliponea kwenye umbo lake: ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, tena kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Chujio hilo huacha namba mia chache tu za kujaribu, na hakuna hata moja iliyoigawa bila baki.

Wapo wanaosema ni tasa kwa sababu 31 ni tasa. Hapana. 11 nayo ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, yaani 23 × 89.

Majirani zake witiri wala hawakaribii. 2147483645 inagawanyika kwa 5. 2147483649 ina tarakimu zenye jumla ya 48, kwa hiyo 3 inaigawa: 3 × 715827883.

Wa kompyuta wanaijua 2147483647 kama kikomo cha namba nzima ya biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1) yenye alama ya chanya au hasi. Sekunde ambazo kompyuta huzihesabu tangu mwanzo wa 1970 zitaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Utasa hauhusiki hapo. Kikomo kimeletwa na idadi ya biti.

Kwa hiyo 2 ni shufwa na ni tasa, 1 ni witiri na si tasa. Na anayeshikilia kuwa 91 ni tasa, mwombe taratibu aijaribu kwa 7.